Fumua, Sabina

"Shona basi, bibi harusi. Au mkono umekufa ganzi?"

Alikuwa Laurencia, na kama kawaida yake alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Wanawake wote wa kikundi wakacheka. Walikuwa wamekaa kuzunguka meza zetu mbili zilizounganishwa, kila mmoja na sindano yake mkononi, na shuka jeupe limetandazwa katikati. Walikuwa wananisubiri mimi.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeishika sindano muda mrefu hadi ikapata joto la vidole vyangu.

Kikundi chetu kinaitwa Mkono kwa Mkono. Tunakutana kila Alhamisi mchana sebuleni kwetu, hapa Karatu, mtaa wa pili kutoka barabara inayopanda kwenda geti la Ngorongoro. Tunadarizi vitambaa vya makochi na vya meza, mashuka, foronya, na siku hizi hata kofia. Vingine vinachukuliwa na hoteli za watalii, vingine vinaishia altareni na kwenye harusi za watu. Lakini binti wa mwanachama akitaka kuolewa, kazi zote husimama. Kikundi kizima humshonea shuka, kila mwanamke ua lake, na bibi harusi ndiye anayetia sindano ya kwanza. Yeye asipoanza, hakuna anayegusa.

Na siku hiyo shuka lilikuwa langu.

Katikati yake Mama alikuwa amechora kwa karatasi ya kaboni herufi mbili kubwa zilizozungushiwa majani: S na J. S ni mimi, Sabina. J ni Julius, mwalimu wa sekondari kule Mbulu, ambaye wazee wake walikuwa waje Jumamosi kuleta posa. Julius ni mtu mwema. Nilimtafutia kosa kwa bidii zote nikalikosa, isipokuwa moja ambalo hata si lake: hakuwa Sadiki.

"Anaona aibu," Mama alisema, na uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona tangu baba yangu, Bartolomeo, afariki. "Mwacheni ajipange. Hata mimi siku yangu nilitetemeka."

Mama anaitwa Germana, naye ndiye mwenyekiti. Mbele yake, upande wa pili wa meza, alikaa Mama Sadiki, yaani Bi Hamisa, ambaye alianzisha kikundi pamoja na Mama kabla mimi sijajua kusoma. Hao wawili hukaa hivyo siku zote, wakitazamana, mmoja akishona kutoka huku na mwingine kutoka kule mpaka wakutane katikati ya kitambaa. Siku hiyo Mama Sadiki hakumtazama mwenzake. Alikuwa akizungusha subana ya kushonea kidoleni kana kwamba imembana.

"Nyuzi nyeupe hazitatosha, Mama," nilisema. Ulikuwa uongo, na uongo wenyewe mdogo, wa kuombea dakika chache.

"Usijali, nimekwishampigia Sadiki alete," akajibu. "Yuko njiani."

Nilitazama mlango.

Ngoja niseme wazi, maana nilidhani pale hakuna aliyejua. Sadiki na mimi tulikuwa tunapendana. Duka lao la vitambaa liko sokoni, na mimi ndiye niliyekuwa natumwa nyuzi tangu nikiwa na soksi za shule. Lakini jambo lenyewe lilianzia juu kule, ukingoni mwa kreta, siku tuliyopeleka vitambaa vya meza kwenye hoteli moja na pikapu yake ikagoma kuwaka. Ukungu ulikuwa mzito hata nyati angepita mbele yetu tusingemwona. Alinivisha koti lake, akabaki anatetemeka na shati, akasema, "Sabina, wewe unashonea kila mtu. Mimi hujawahi kunishonea hata leso." Nikamwuliza anataka nini. Akasema kofia. Akasema nikimshonea ataivaa mpaka iishe kichwani.

Nikamshonea. Mama Sadiki alikuwa ametufundisha sisi wa kikundi kudarizi kofia za mkono, zile nyeupe zenye vitundu, kwa sababu zina soko. Yangu niliishona kwa siri tangu mvua za vuli, nikiificha ndani ya foronya. Idd ikakaribia mstari wa juu ukiwa bado. Sadiki akasema atampata fundi wa kuumalizia, na kweli akampata. Sikuuliza fundi gani.

Sharti letu lilikuwa moja tu: asiivae mahali popote ambapo mama yangu anaweza kuiona.

Basi mlango ulipogongwa na Sadiki akaingia na mfuko wa nyuzi, nilitazama kichwa chake kabla ya uso. Alikuwa ameivaa.

"Shikamooni akina mama."

"Marahaba, baba," wakaitikia.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza, yale ya Julai yasiyo na haraka, na mabega yake yalikuwa yamelowa. Alinitazama mara moja. Halafu akalitazama shuka. Niliona macho yake yakifika katikati, kwenye ile J, yakakaa pale, na taya lake likakaza. Kumbe alijua. Karatu ni ndogo. Anayenunua bafta nyeupe mita nyingi Jumatatu, Jumanne mji mzima umejua nani anaolewa.

"Hongera, Sabina," akasema. Sauti yake ilikuwa ya adabu kabisa. Ningependa angenipiga kibao.

"Sadiki mwanangu, umelowa hivyo!" Mama aliinuka. Sadiki amekunywa uji nyumbani kwetu tangu hajaota meno ya mbele mara ya pili, na Mama hajawahi kumwita kwa jina bila kuongeza mwanangu. "Lete hiyo kofia niianike karibu na jiko, utapata mafua bure."

"Haina shida, Mama, naondoka sasa hivi."

"Lete, nimesema."

Na akaivua mwenyewe kutoka kichwani mwa Sadiki, kama mtu anavyomvua mtoto wake.

Nataka mjue jambo moja kuhusu mama yangu. Hana kawaida ya kutazama kazi ya sindano upande wa mbele. Mbele, husema, kila mtu ni fundi. Ukimpa kitambaa, hata cha kufutia meza, vidole vyake vinakigeuza kabla macho hayajafika. Nilimwona akipiga hatua kuelekea jikoni, na njiani vidole vikageuza ile kofia ndani nje.

Akasimama.

Wanaoshona kofia humalizia uzi kwa kifundo kidogo upande wa ndani. Mama hapendi vifundo. Yeye huurudisha uzi nyuma, huupitisha chini ya mishono, huugeuza, huupitisha tena, kisha hukata karibu kabisa na kitambaa, usione ulipoishia. Wenzake wote wamejaribu kuiga wakachoka. Aliyeweza ni mmoja tu, kwa sababu alifundishwa akiwa amepakatwa. Ningepiga vifundo kama watu wengine, siku hiyo ningekuwa salama. Lakini mkono ukishazoea hauulizi ruhusa.

"Huu ni mkono wangu," Mama alisema polepole, kama anayejisemea. "Lakini mimi sijawahi kushona kofia."

Mvua ilisikika juu ya bati.

"Sabina."

"Abee, Mama."

"Kazi hii ni ya nani?"

"Yangu."

"Ya kuuza." Hakuuliza. Aliniwekea jibu mdomoni, akanisihi kwa macho nilimeze. "Umeishona ukamwuzia dukani. Si ndiyo?"

"Si huwa tunauza kofia, mwenyekiti?" Laurencia akadakia, maskini, naye akijaribu kutupa kamba. "Hata mimi nina mbili kule."

Ningesema ndiyo, yangeishia pale. Nilimtazama Sadiki. Hakunikonyeza, hakutikisa kichwa, hakuniomba chochote. Alisimama tu na kichwa wazi, maji yakimchuruzika shingoni, akinitazama kama alivyonitazama siku ile kwenye ukungu. Nikajua kwamba nikisema ndiyo atakubali, ataondoka, na sitamwona tena akinitazama hivyo.

"Si ya kuuza, Mama."

"Ni ya nini?"

"Ni zawadi. Nilimshonea mtu ninayempenda."

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mimi nilikuwa nimekibana hicho kikohozi mpaka kifua kinauma, na sasa kilipotoka sikujua kama ninaogopa au nimepumua.

Mama alimgeukia Sadiki. "Wewe. Nimekulisha ndani ya nyumba hii."

"Ni kweli, Mama."

"Bartolomeo alikufundisha baiskeli kwenye uwanja huu."

"Ni kweli."

"Halafu unatuibia?"

"Sijaiba, Mama." Alimtazama usoni. "Mwizi hupita dirishani. Mimi nimepita mlangoni, tena nimeivaa makusudi. Nilichoka kuivaa chumbani. Nilitaka uione kabla hawajatia sindano kwenye lile shuka."

"Toka nje."

"Natoka. Lakini siondoki. Nitakuwa getini."

Akatoka. Kupitia dirishani nilimwona akivuka uwanja na kusimama kwenye geti letu la mbao, mgongo umenyooka, mvua inamnyeshea. Nilitaka kumfuata.

Mama alirudi mezani. Aliiweka kofia juu ya shuka, mbele yangu, na kando yake akaweka mkasi wake mdogo, ule wa ncha kali ambao hamwazimi mtu.

"Fumua, Sabina."

Niliwaona wanawake wakitazamana. Kwenye kikundi chetu kuna sheria nyingi zinazovunjwa kila Alhamisi, za kuchelewa, za kusengenya, za kupokea simu. Lakini moja haijawahi kuvunjwa: mkono wa mtu haufumuliwi na mwingine. Ukikosea ua, hata liwe limepinda namna gani, mwenzako atakuonyesha tu. Kufumua utafumua mwenyewe. Ndiyo maana Mama hakuichanachana ile kofia palepale. Uwezo alikuwa nao, na hasira pia. Ila yeye ndiye aliyeitunga sheria.

"Mama, tafadhali..."

"Ukifumua, limekwisha. Jumamosi wageni watakuja, tutawapokea, na mimi sitalitaja jambo hili mpaka naingia kaburini. Usipofumua, ichukue utoke nayo. Meza hii hutakaa tena, na chini ya paa hili hutalala." Akausogeza mkasi karibu nami. "Dasi, nakuomba."

Dasi ni binti, kwa Kiiraqw chetu. Huniita hivyo nikiwa mgonjwa. Lile neno ndilo lililonivunja. Ningeweza kupambana na Mama mwenye hasira. Na Mama anayeomba, mwenye presha, aliyeshika ukingo wa meza ili asianguke, sikuweza.

Nikauchukua mkasi.

Niliigeuza kofia nikatafuta pa kuanzia. Machozi yalikuwa yamenijaa, sikuona vizuri. Nilitia ncha chini ya mshono mmoja, mstari wa juu kabisa, nikabana. Uzi ukakatika kwa kasauti kadogo ambako nadhani nitakasikia mpaka nizeeke.

"Usikate!"

Mama Sadiki alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake.

"Usikate hapo," akarudia, taratibu zaidi. "Hapo si pako."

"Hamisa, kaa chini," Mama alisema. "Hili ni kati yangu na mwanangu."

"Si kati yenu. Igeuze hiyo kofia, Germana. Tazama mstari wa juu. Si umesema kila mwaka kwamba vifundo vyangu vinakuudhi? Haya, vitafute."

Mama aliichukua kutoka mikononi mwangu. Vidole vyake vilipita kwenye duara la juu, vikasimama, vikapita tena.

"Wewe," akasema. "Ndiye uliyeimalizia."

"Ni mimi."

Basi huyo ndiye fundi. Nilitaka kukaa chini, nikakumbuka kwamba nilikuwa nimekaa.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kabla ya Idd."

"Ukaja hapa kila Alhamisi, ukanikalia mbele ya macho, ukala viazi vyangu, ukinyamaza?"

"Nilikuja."

"Hata hiyo J ulinisaidia kuichora!"

"Uliniambia nishike karatasi, nikashika."

Laurencia alitoa kicheko kimoja kwa bahati mbaya, akaziba mdomo. Hakuna aliyemfuata.

"Sikutegemea," Mama alisema. "Kutoka kwa mwingine, sawa. Kutoka kwako, Hamisa, sikutegemea." Aliibana kofia kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipoona kwamba kilichokuwa kinamuuma si mimi peke yangu.

Mama Sadiki alizunguka meza. Hakuja kumkumbatia, aliijua hasira yake. Alisimama hatua moja kutoka kwake.

"Unadhani mimi nilishangilia? Niliipata kofia hiyo chini ya mto wa Sadiki, naye akakiri tu kwamba ni ya msichana wa Kikristo. Nililia mpaka nikaugua. Mimi nilikuwa na Kauthar, mtoto wa dada yangu kule Kondoa, nimeshamwekea mpaka kanga za harusi. Nilisema, nimefanya kosa gani mwanangu aende kwa Wakristo? Nikachukua wembe, Germana. Niseme kweli mbele ya hawa. Nilikaa kitandani na wembe nikitaka kuifumua yote."

"Mbona hukufumua?"

"Niliigeuza nyuma. Nikaona umalizio wako. Nikasema, mimi nitafumuaje mkono wa Germana? Nikakaa nayo mpaka adhuhuri. Na ule mstari wa juu ulikuwa wazi, unaniangalia. Kesho yake Sadiki akaniambia kila kitu, akanitajia na jina. Nikatia uzi kwenye sindano."

Mwanamke mmoja mwisho wa meza alianza kulia polepole, na hata sijui alikuwa analilia nini.

Mama alikaa. Alionekana amechoka ghafla, mzee kuliko asubuhi. Alipozungumza tena hakuwa anazungumza na kikundi.

"Kwako ni rahisi. Mwanao anabaki msikitini kwenu. Mimi ninabaki na nani? Bartolomeo hayupo. Kwenye lile benchi letu la kanisani tumebaki mimi na huyu. Jumapili nitaingia peke yangu, watu wageuke, waseme, yule Germana, mume kamzika, na mtoto kamwacha akachukuliwa."

"Siku ya kumzika Bartolomeo," Mama Sadiki alisema, "kwenye hilo benchi alikaa nani kando yako?"

Mama akainamia kofia.

"Nakuuliza."

"Wewe."

"Nikiwa na nini kichwani?"

"Na mtandio wako."

"Kuna aliyenifukuza?"

"Hakuna."

"Basi usiseme utakaa peke yako. Uniseme kwa mengine, nimekukosea, nitakuomba radhi mpaka uchoke. Lakini hilo usiliseme."

Niliona ni zamu yangu. Nilipiga magoti karibu na kiti cha Mama, kwenye zulia lililojaa vipande vya nyuzi, nikaushika mkono wake. Ulikuwa wa baridi.

"Mama, hajaniambia nibadili dini. Wala mimi sijamwambia. Tumesema tutafunga ndoa bomani, na Jumapili nitakuwa kwenye benchi lile lile, upande ule ule. Sikukuambia kwa sababu niliogopa. Kila nikitaka kusema nilikuwa nauona uso wako."

"Na watoto?" akauliza. "Watabatizwa, au watapelekwa madrasa?"

Swali hilo Sadiki na mimi tulikuwa tumelizunguka mara nyingi, na kila mara tulirudi tulipoanzia. Ningeweza kumpa jibu la kumfurahisha. Nilimtazama.

"Sijui, Mama. Hatujajua."

Aliguna. "Angalau hapo hukunidanganya."

Jikoni sufuria ya chai ilikuwa inafurika na hakuna aliyeinuka. Mama alikuwa ameshika kofia mapajani, akiitazama upande wa ndani, kidole gumba kikienda na kurudi kwenye mishono yangu, halafu kwenye vifundo vya Mama Sadiki, halafu kwenye mishono yangu tena. Halafu kidole kikafika pale nilipokata. Vitundu viwili vilikuwa vimeanza kulegea na uzi mfupi umesimama juu.

"Tazama ulivyoharibu," akaniambia. "Na hii ni kazi ya Hamisa, hata si yako. Hapa patafumuka pote."

"Nitapashona, Mama."

"Kwa macho hayo? Umelia mpaka yamevimba, utashona nini?" Akanyoosha mkono bila kumtazama mtu. "Sindano."

Mama Sadiki ndiye aliyempa. Ilikuwa yake mwenyewe, na uzi mweupe tayari.

Sote tulitazama. Aliichoma sindano mahali pasipoonekana, akaizungusha kwenye kitundu cha kwanza, akavuta, akaizungusha kwenye cha pili. Mikono yake ikishika kazi haiyumbi. Alipofika mwisho aliurudisha uzi nyuma, akaupitisha chini, akaugeuza, akaupitisha tena, akakata kwa meno. Akaigeuza kofia mbele, akaikung'uta, akaipuliza. Sasa ilikuwa na mikono mitatu, na kila aliyekuwa pale aliijua sheria yetu. Kuanzia dakika ile hakuna mtu Karatu nzima ambaye angeweza kuifumua peke yake.

"Msinitazame hivyo," akasema kwa ukali. "Sijakubali kitu. Nimeshona tu mahali palipokuwa panafumuka."

"Ndiyo, mwenyekiti," Laurencia akasema.

"Na wewe Hamisa, sijamaliza na wewe."

"Nipo. Nitakuja na kesho."

"Njoo mapema." Akanigeukia, akanisukumia kofia kifuani. "Na hayo ya watoto tutayazungumza, mimi na ninyi na huyu mama yake, mpaka yaeleweke. Sasa mpelekee mwenye kofia yake. Ataugua huko nje, halafu waseme mimi ndiye niliyemuua."

Niliinuka. Sikujua kama nimepewa ruhusa ya kupenda au ya kuvuka uwanja tu. Nilifungua mlango. Kule getini Sadiki aliinua uso, maji yakimtiririka kwenye nyusi, na aliponiona na kofia mkononi hakutabasamu. Hakujua inakuja ikiwa nzima au imefumuliwa. Nilianza kuikunjua ili aione tokea mbali.

Nyuma yangu nilisikia kiti kikivutwa, na sauti ya Mama ikirudi kuwa ya mwenyekiti.

"Mbulu nitapiga simu mwenyewe, jioni. Laurencia!"

"Abee."

"Lete beseni na sabuni ya mche. Hiyo J hatujaishona bado, itatoka."